Discord: neno lenye moyo ndani yake

Swali: Ninaimba sauti ya pili katika kwaya ya usharika wetu hapa Tanga. Juzi mwalimu alisimamisha mazoezi akasema, "Hapo kuna discord." Nyumbani mwanangu anaongea na wenzake wa michezo ya kompyuta kwenye programu inayoitwa Discord. Nikafungua kamusi, nikakuta "mfarakano, ugomvi". Je, ni neno moja? Mimi nadhani ni chord iliyobandikwa dis mbele, yaani kodi ya muziki (sauti kadhaa zinazotolewa kwa pamoja) iliyoharibika. Na kwa Kiswahili tuiteje? Naulizia kwa sababu nimepewa kazi ya kuandaa kijitabu cha mazoezi, na sitaki kujaza maneno ya Kiingereza.

Jibu: Dada yangu, ni neno moja. Hiyo dhana yako wanayo wengi, hata baadhi ya waliosomea muziki, na si ajabu, kwa maana maandishi ya Kiingereza yenyewe yanaipotosha akili. Ila mambo yalikwenda kinyume. Discord haikuzaliwa na chord. Chord ndiyo iliyozaliwa katika ukoo wa discord, na mzazi wa ukoo huo si chombo cha muziki, ni moyo.

Tulikate neno penye kiungo chake. Mbele kuna dis-, kiambishi cha Kilatini cha kutenga na kuweka mbali. Nyuma kuna cor, maana yake moyo, ambalo likichukua umbo la umilikishi linakuwa cordis, "wa moyo". Hapo ndipo inapotokea ile d ya mwisho. Mroma akisema watu fulani ni discordes, alikuwa anasema mioyo yao imeachana. Hali yenyewe aliiita discordia. Kinyume chake ni concordia, mioyo iliyo pamoja.

Kwa Waroma wa kale, moyo haukuwa makao ya mapenzi na huzuni peke yake. Ulikuwa pia makao ya fikira, kumbukumbu na maamuzi. Sisi tunaosema "nikawaza moyoni" hatuna taabu ya kulielewa hilo. Kitenzi chao cha kukumbuka kilikuwa recordari, kukipitisha kitu moyoni tena, na humo ndimo lilimotoka record la Kiingereza, ambalo nasi tumelichukua tukaliita rekodi. Kwa hiyo kila mkienda studio "kurekodi" albamu ya kwaya, moyo wa Kilatini umo ndani ya kitenzi chenu. Courage, ushujaa, nalo limetoka kwenye moyo huohuo kwa kupitia Kifaransa, na hapa Kiswahili kimefika palepale bila kuazima chochote: tunamtia mtu moyo, tunajipa moyo, tunapiga moyo konde. Hizi ni lugha zisizo na undugu wowote, na bado zilipotafuta mahali pa kuuweka ujasiri, zote ziliona kifuani.

Basi discordia ilitoka Kilatini ikaingia Kifaransa cha zamani kama descorde, na baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066 maneno mengi ya Kifaransa yakavuka bahari pamoja nao na warithi wao. Discord inaonekana katika maandishi ya Kiingereza kuanzia karne ya 13, na maana yake ya kwanza ni uhasama, watu kutoelewana. Maana ya muziki inafuata baadaye.

Sasa njoo kwenye chord, maana hapa ndipo ulipoteleza, na utelezi wenyewe ni mzuri kuufahamu. Kulikuwa na neno accord, kukubaliana, moyo kuuelekea moyo. Wanamuziki walilitumia kwa sauti zinazokubaliana. Kadiri lilivyotumika likapoteza kichwa chake, likabaki cord, bila h. Kwa bahati mbaya tayari kulikuwa na cord nyingine, yenye maana ya kamba, ambayo asili yake ni neno la Kigiriki khordē, utumbo, kwa kuwa nyuzi za vinanda zilisokotwa kwa utumbo wa mnyama. Kilatini kiliandika chorda. Kufikia karne ya 16 na 17 wasomi wa Kiingereza waliokuwa wakipenda sana kuyarudishia maneno sura ya kale walimwona huyu cord wa muziki, wakadhani ni mtoto wa uzi wa kinanda, wakamvika h ya Kigiriki. Ndiyo chord tuliyonayo leo: jina limetoka moyoni, vazi limetoka utumboni. Discord haikuvikwa. Ukiitazama vizuri utaona haina h, na kukosa h huko ni dalili kwamba haikutungwa kutoka chord.

Una ndugu mwingine wa neno hili karibu nawe kuliko unavyodhani. Ukisikiliza taarab ya Unguja utasikia kodiani ikijaza nafasi kati ya fidla na udi. Chombo hicho kilipewa hataza mjini Vienna mwaka 1829 kwa jina la Cyrill Demian, naye alikiita Accordion kwa sababu kidole kimoja kiliweza kutoa kodi nzima, sauti kadhaa zilizopatana. Accord, mioyo kuelekeana, ndiyo imo katika jina la kodiani.

Usije ukadhani hata hivyo kwamba maana ya muziki ni nyongeza ya Waingereza. Horatius, mshairi wa Roma aliyefariki mwaka 8 kabla ya Kristo, aliwahi kuandika kwamba katika karamu nzuri kuna vitu vinavyokera, na kimoja alichokitaja ni symphonia discors, wapiga muziki wasiopatana. Kwa hiyo Waroma wenyewe walishalihamisha neno kutoka kwa watu kwenda kwa sauti. Ila mwelekeo wa safari ndio huo: kwanza mioyo, ndipo masikio. Ukilishika hilo utaelewa kwa nini kamusi yako ilianza na "mfarakano".

Turudi kwenye mazoezi yenu, kwa sababu mwalimu alipotamka discord anaweza kuwa alimaanisha moja kati ya mambo mawili, na mtu wa sauti ya pili anahitaji kujua ni lipi.

La kwanza ni kosa. Mtu amepotea, ameshuka kidogo chini ya noti yake. Sauti moja ikitikisa hewa mara 440 kwa sekunde na ya jirani mara 444, sikio halisikii sauti mbili. Linasikia sauti moja inayovimba na kunywea mara 4 kila sekunde, kama inatetemeka. Hiyo ndiyo karaha unayoisikia wawili wakikosana kidogo tu kwenye noti moja, na dawa yake ni kusikilizana na kurudi mahali.

La pili si kosa hata kidogo. Mtunzi amekusudia sauti zigongane. Vitabu vya zamani vya Kiingereza vya nadharia ya muziki viliita mgongano wa makusudi discord, bila lawama yoyote, vikafundisha kwamba una hatua tatu: unaandaliwa, unagonga, unatuliwa. Chukua mwisho wa wimbo unaoelekea kwenye Amina. Katika kodi iliyotangulia sauti ya pili mlikuwa kwenye do. Wenzenu wanahamia kodi ya so, ambayo noti zake ni so, ti na re. Ninyi mnabaki na do yenu. Sasa do na re ziko ubavu kwa ubavu, zinasuguana, na msikilizaji anahisi kitu kinamvuta. Kisha mnashuka taratibu hadi ti, kodi inakamilika, halafu kwaya nzima inarudi nyumbani kwenye do. Mkiukwepa msuguano huo kwa kuwahi kwenda ti, wimbo hauharibiki, lakini Amina yenyewe inapoa. Nimesikia kwaya nyingi zikifanya hivyo kwa hofu, kwa kuwa waimbaji wamefundishwa kwamba kila kinachogonga ni makosa, nami husikitika kila mara.

Kwa nini do na so zinakaa vizuri pamoja na do na ti zinasumbuana? Shule ya Pythagoras, mwanahisabati wa Kigiriki, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, ilishaona kwamba nyuzi zinazopendeza zikipigwa pamoja zina uwiano wa namba ndogo. Do na do ya juu ni 2 kwa 1. So juu ya do ni 3 kwa 2. Ti na do iliyo juu yake, katika ulinganishaji uliozoeleka wa namba kamili, ni 16 kwa 15, na uwiano wa namba kubwa kama huo sikio linaupokea kwa shida. Hata hivyo namba hazisemi yote. Wananadharia wa Ulaya wa zama za kati za mwanzo waliihesabu do na mi miongoni mwa sauti zisizopatana, na leo mtoto wa shule ya Jumapili anaziona ndizo tamu kuliko zote. Na fidla ya taarab ikipiga maqam, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, hupita kwenye noti zilizo katikati ya vibonye vya piano, noti ambazo kodiani ya kawaida haina pa kuzipatia. Aliyekulia kwenye piano husikia kasoro. Aliyekulia Ng'ambo ya mjini Unguja husikia utamu. Mazoea ya jamii yana sehemu yake katika kuamua kipi kimefarakana.

Upande wa watu, Waroma waliichukulia discordia kwa uzito mkubwa hata wakaifanya mungu wa kike, kwa kumfuata Eris wa Wagiriki. Hadithi yake maarufu unaweza kuwa umeisikia. Peleus alipomwoa Thetis, miungu wote walialikwa isipokuwa Eris. Akaja hivyohivyo, akarusha katikati ya karamu tufaha la dhahabu lililoandikwa kwamba ni la aliye mzuri kuliko wote. Hera, Athena na Aphrodite kila mmoja akalidai. Paris, mtoto wa mfalme wa Troya, akaombwa aamue, akampa Aphrodite kwa ahadi ya kumpata Helena, mke wa mfalme wa Sparta, na vita vya Troya vikatokea hapo. Kiingereza mpaka leo kinaita chanzo cha ugomvi "tufaha la discord". Wanaastronomia nao, walipotangaza mwaka 2005 kwamba wamegundua gimba kubwa la angani lililo mbali kuliko Pluto, na mabishano yakawaka hadi Pluto ikavuliwa hadhi ya sayari mwaka 2006, waliliita gimba hilo Eris.

Mimi lakini hadithi inayonigusa zaidi si ya tufaha, ni ya hekalu, nayo ni historia. Mwaka 121 kabla ya Kristo, Gaius Gracchus, aliyekuwa akipigania ardhi na nafaka kwa ajili ya watu wa chini, alifikia mwisho wake mjini Roma pamoja na wafuasi wake. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa zamani, anataja watu 3,000 waliouawa, na miili yao kutupwa mtoni Tiber. Aliyeongoza mauaji, konsuli Lucius Opimius, kisha akajenga upya hekalu la Concordia, mungu wa mioyo iliyo pamoja, chini ya kilima cha Capitolium. Plutarch anasimulia kwamba usiku mtu aliandika kwenye ukuta wake: kazi ya wazimu imejenga hekalu la umoja. Karne tano baadaye Augustino, askofu wa Hippo, alisema wangekuwa wakweli zaidi kama wangemjengea Discordia mwenyewe. Nafikiri kila anayetafsiri maneno haya anapaswa kuijua habari hiyo, kwa maana "umoja" unaweza kutamkwa na mtu aliyeuvunja, na neno lenyewe halitalalamika.

Jambo la namna hiyo lilitokea pia katika mji wa Paris, Ufaransa. Uwanja ambapo Mfalme Louis wa 16 alikatwa kichwa tarehe 21 Januari 1793 uliitwa Uwanja wa Mapinduzi, na mwaka 1795 ukapewa jina Concorde. Hata ile ndege ya kasi ya Waingereza na Wafaransa ya jina hilohilo ilizua mzozo wa tahajia: serikali ya Uingereza iliiondoa herufi e ya mwisho, na mwaka 1967 waziri Tony Benn akatangaza kuirudisha.

Kuhusu programu ya mwanao nitakuwa mfupi. Ilianzishwa Marekani na Jason Citron na Stanislav Vishnevskiy, ikafunguliwa kwa watu Mei 2015, na mwanzo ililenga wachezaji wa michezo ya kompyuta waliotaka kuongea huku wakicheza. Citron ameeleza kwamba jina lilimpendeza kwa sauti yake, lina uhusiano na mazungumzo, ni rahisi kutamka na kuandika, na tena kutoelewana kati ya wachezaji ndilo tatizo walilotaka kulitatua. Kwa hiyo ni neno hilihili, na si diski iliyoongezwa mkia, kama vijana wengine wanavyodhani.

Sasa Kiswahili. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kamusi imekupa maneno mawili na kila moja linabeba kitu chake.

Mfarakano na mtafaruku yote yametoka kwenye shina la Kiarabu la f-r-q, kutenga. Yana ile dis- ya Kilatini lakini hayana moyo. Mfarakano ni watu kuachana, kila mmoja kushika njia yake. Familia iliyofarakana haikai meza moja. Mtafaruku una vurugu ndani yake, watu wamechanganyikiwa na hali imechafuka. Ugomvi unasikika kwa jirani, wakati discord inaweza kukaa nyumbani miaka kumi bila mtu kuinua sauti, na ndiyo maana "ugomvi" mara nyingi ni tafsiri mbovu.

Halafu kuna fitina. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, katika Mithali 6:19, inamlaani mtu "apandaye discord" kati ya ndugu, na Biblia yetu ya Union inasema "apandaye mbegu za fitina kati ya ndugu". Ni uteuzi hodari, na umefaa pale kwa sababu yuko mpandaji. Fitina ina mtu nyuma yake. Katika Kiarabu shina lake lilihusu kuyeyusha dhahabu na fedha motoni ili kutenga safi na taka, ndipo likawa jaribu, ndipo likawa machafuko. Kiswahili kikalipeleka kwenye ulimi wa mchonganishi. Huwezi kusema noti mbili zimetiana fitina.

Kipimo kimoja kitakusaidia ukisoma Kiingereza. Discord ya watu kwa kawaida haihesabiki, haina moja wala mbili. Ya muziki inahesabika, na ukikuta a discord au discords, jua karibu kila mara mwandishi anazungumzia sauti.

Je, tunalo neno linalokaa pande zote mbili, kwa watu na kwa sauti, kama lao? Naamini tunalo, nalo ni la Kibantu kabisa: kutopatana. Patana ni pata yenye -an- ya kutendana. Mimi nakupata, wewe unanipata. Walichokisema Waroma kwa kuutaja moyo, sisi tumekisema kwa silabi moja tu ya kitenzi. Ndugu wanapatana, bei inapatana, sauti zinapatana. Tena tayari tumelitumia kwa heshima kubwa mahali ambapo Kiingereza kinatumia concord: wanasarufi wa Kiingereza wanapoeleza viambishi vya lugha zetu husema concord, na walimu wetu wa shule wakasema upatanisho wa kisarufi. "Kitabu kikubwa kimepotea": ki- zote zimeitikiana. Mtoto anayesema "kitabu kubwa imepotea" ameleta discord kwenye sentensi, na kila mwalimu wa Kiswahili sikio lake hugutuka vilevile kama la mwalimu wenu wa kwaya.

Kwa hiyo katika kijitabu chako ningeandika hivi. Pale ambapo mtu amekosea noti, andika "sauti hazijapatana", au kwa ufupi "mmepotea". Pale ambapo mtunzi amekusudia, andika "mgongano", na noti inayofuata iite "mtuo". Juu ya ile do ya sauti ya pili kabla ya Amina weka alama ya mgongano, chora mshale kwenda ti, na uwaandikie wenzako kwa herufi kubwa: MSIWAHI KUSHUKA.